Kicheko Katika Nyumba Isiyo Yangu

Kijiji cha Ujamaa Namkunda,
kwa mkono wa Ismaili mwenye duka,
S.L.P. 43, Mtwara.
8 Juni 1975.

Mpendwa Kaka Gaudensi,

Shikamoo sana. Habari za Muheza, habari za kazi ya mkonge, na kile kifua chako kimepoa? Wifi Hilda hajambo? Sisi miili ni mizima. Anna anarefuka tu, na Rafaeli ameng'oka meno mawili ya mbele, anajiona mzee. Wanakuamkia mjomba wao.

Barua yako niliipata. Umesema huku hakuna kilichonibakiza ila kaburi, nifunge mizigo, na mwezi wa saba ukipata likizo utakuja kutuchukua wote watatu. Wewe ndiye mjomba wa watoto, neno lako ndilo neno. Mizigo nilifunga siku ile ile. Sasa soma taratibu, maana mwenyewe sijielewi.

Tangu nyoka alipomuuma mume wangu Adriani, mwezi wa nne, tukisafisha shamba la kijiji, nilikuwa mtu wa kutembea tu. Mihogo yetu ya hapa bado midogo, ile mikubwa tuliiacha kule bonde la Ruvuma tulipohamishwa, pamoja na mikorosho. Tunachimba ming'oko porini, tunachemsha, tunakula, kesho tena. Katekista wetu alipangiwa kijiji kingine, na padri anafika mara moja kwa miezi miwili, mvua ikimruhusu. Wakristo wenzangu hapa ni tisa. Wakaniambia niwaongoze sala za Jumapili kwa vile najua kusoma. Mdomo ukasoma, moyo haukuwepo. Nilikuwa nawaambia wenzangu Mungu yupo, nikirudi nyumbani namnunia.

Wewe hujaviona vijiji hivi. Nyumba zimepimwa kwa kamba, zote za udongo, zote makuti, milango yote inatazama barabara. Hata mbuzi wanakosea. Basi siku moja mwezi uliopita, saa sita mchana, natoka kisimani na ndoo kichwani, macho yamejaa jua, nikaingia ndani, nikatua ndoo, nikapiga magoti. Nikamsema Mungu, Kaka. Sikusali, nilimsema. Nikamuuliza kwa nini amemchukua Adriani akaniachia kitabu cha sala. Nikamwambia kama anawataka hawa watu tisa, aje awasomee mwenyewe. Nililia mpaka pua zikaziba. Mwisho nikasema, hata hivyo sina mwingine wa kumwendea, amina.

Sauti ikaitikia chumbani, "Amina."

Mama yangu! Nilidhani na mimi nimeitwa. Kumbe nimeingia kwa jirani, Bibi Mwasiti binti Selemani, Mwislamu, mama mtu mzima, amelala na mguu wake uliovimba. Akasema, "Mwanangu, mimi nina dini yangu na wewe una yako, lakini dua hiyo imenifika mifupani. Na hayo maji umeniletea mimi?" Nikaitazama ndoo. Nikacheka. Kaka, nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye anacheka ameshika mguu, "Wallahi unaniumiza, acha!" Sikuwa nimecheka tangu tumzike Adriani. Maji nikamwachia.

Toka siku ile kuna kitu, sijui nikiite nini. Naamka asubuhi nakuta furaha imeshaamka kabla yangu. Wala hakuna kilichobadilika, jana tumekula ming'oko na leo ni ming'oko. Asubuhi hii nilisoma Injili, na kwa mara ya kwanza nikakisikia mwenyewe ninachosoma. Tuliimba mpaka majirani wakaja kuchungulia. Baada ya sala Mzee Kosmasi, mmoja wa wale tisa, akanivuta pembeni, akaniuliza mjane ambaye hajavua kaniki anaimbaje vile. Ana haki ya kuuliza.

Nikienda kaburini nalia kwelikweli, halafu njiani narudi najikuta naimba. Hapo naogopa. Nimeanza kumsahau Adriani? Au ndiyo ile furaha ya Bwana tuliyoikariri utotoni? Mimi siku zote nilidhani inakuja shida ikiisha. Mbona shida ipo?

Habari nyingine, ng'ambo ya mto Ruvuma wanajiandaa kupata uhuru mwezi huu huu. Watu wa huku wanafurahi nao.

Basi, Kaka, mizigo nimeifungua. Mwezi wa saba njoo ututembelee, usije kutuchukua. Hawa tisa hawana mwingine wa kuwasomea, na mimi nikiondoka sasa naogopa kitu hiki hakitapanda basi pamoja nami. Nisamehe kwa kulivunja neno lako. Ukikasirika, kasirika, ila usininyamazie.

Nisalimie Wifi Hilda na Shangazi Tabu, mwambie ukili wake nimeshausuka. Bibi Mwasiti naye anakusalimu, ingawa hakujui. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko, awape afya na chakula.

Nimebakiza swali moja, na sina wa kumuuliza ila wewe. Je, ni dhambi kufurahi hivi, na mume wangu ana miezi miwili tu ardhini? Kama ni dhambi, niandikie wazi. Ila nakuomba, Kaka, usiharakishe kujibu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Skolastika