Kiwiko cha Wekesa

Jumapili jioni, Julai 1956

Leo jua halikutoka kabisa hapa Thika. Baridi imetuingia mpaka mifupani, na mimi nina roho mbaya. Wacha niandike hivyo hivyo, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Namwonea wivu Wekesa.

Tulitoka Bungoma pamoja, tukaandikwa kazi kwenye shamba hili la mkonge siku moja. Kwetu mimi ndiye niliyejulikana kwa mieleka; yeye alikuwa wa kunishikia shati. Lakini huu mchezo anaotufundisha Sajini Ouma, aliojifunza vitani Burma kwa mfungwa wa Kijapani, umemkubali yeye. Kwetu, mgongo wa mwenzako ukigusa chini wewe umeshinda, unapigiwa vigelegele. Kwa Sajini hapo ndipo mchezo unapoanza. Unamlalia kifuani kwa upande, unamnyima pumzi, kisha unatafuta mkono wa kukunja au shingo ya kukaba. Akizidiwa anapiga chini mara mbili, nawe unamwachia papo hapo.

Mwezi mzima nimemwangusha Wekesa, na kila mara nimesimama nikainua mikono kama mjinga. Ananivuta mguu, ananipanda kifuani, ananikunja. Watu hucheka mpaka machozi. Sajini hata alimvalisha koti lake la jeshi, eti kola yake ni nzuri ya kufundishia kukaba. Mimi hajawahi kunipa hata kofia yake nishike.

Jumapili ijayo kuna shindano Ruiru, na kwa hii hali ya hatari Bwana mwenye shamba ametoa kibali cha kusafiri cha mpiganaji mmoja tu. Kila mtu alijua ni cha nani.

Leo baada ya ibada tulishikana juu ya magunia yaliyojazwa makapi ya mkonge. Nilimwangusha, na mara hii sikusimama. Nilimlalia, nikambana, nikaupata mkono wa kulia, nikaukunja. Akapiga chini mara mbili.

Nilisikia.

Nilisikia vizuri kabisa, nikaendelea kukunja. Nilitaka apige tena, wote waone. Kiwiko kikalia kama ukuni mkavu.

Sajini aliniuliza kama nilisikia akipiga. Kabla sijafungua mdomo Wekesa akasema, huku jasho linamtoka, "Si yeye, Sajini. Ni mimi nimechelewa kupiga."

Basi kesho asubuhi karani ataandika jina langu kwenye kibali.

Tunalala chumba kimoja, mimi na yeye. Jioni hii nimemmegea ugali, kwa sababu mkono wake hauinuki. Amenishukuru.

Nimepata nilichokitaka na wivu haujaisha, umezidi. Maneno aliyosema mbele ya Sajini mimi nisingeyaweza, na sasa namwonea wivu hata kwa hayo.

Karani hufungua ofisi saa moja. Nyumba ya Sajini iko njiani. Nitabisha hodi, au nitapita?