Ombi Lililoruka Ukuta

Nyumba ya Mzee Idarus,
Bofu, Likoni,
Mombasa.
Jumanne, 14 Mei 2024

Mpendwa binti yangu Mwikali,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U mzima? Unakula? Mwenzako Lavender aliyekuja likizo ameniambia huko Doha mnalala na mashine ya baridi usiku kucha. Jifunike kifua, mwanangu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto halipendi mvua hizi. Baba yako hajambo, bado anakwenda kibarua Changamwe na kurudi amechoka.

Usishtuke kuona barua. Ningepiga simu, lakini haya si ya kusemea ndani ya nyumba hii, na utaona sababu. Lavender anarudi huko Jumapili, nikaona heri akubebee.

Unakumbuka chumba chetu, na kuta zile zisizofika kwenye mabati? Ulikuwa unalala ukisikia redio ya Bi Barke kama iko chini ya mto wako. Akikaanga mahamri alfajiri, harufu inaruka ukuta, nawe unaamka kabla sijakuita. Tunapiga magoti kando ya kitanda, tunawaombea watu wa nyumba mlango kwa mlango, kuanzia kwa mwenye nyumba mpaka chumba cha mwisho karibu na choo. Ukisinzia nakufinya. Mlango wa Bi Barke ulikuwa zamu yako. Ulikuwa unasema, "Na Bi Barke wa mahamri, Mungu, asiungue na mafuta." Naye kule anajibu, "Amin, mwanangu, nawe usikojoe kitandani!" Nyumba nzima inacheka.

Siku hizi naomba peke yangu, mlango kwa mlango vilevile. Nikiruka mmoja siku yangu haikai sawa. Na naomba kwa sauti, maana nikiomba kimoyomoyo usingizi unanichukua.

Sasa sikia nilichofanya. Mwezi uliopita tulikuwa tunaanua nguo, Bi Barke akanishika mkono, akauweka ubavuni pa titi lake. Kuna uvimbe mgumu, kama kokwa ya ukwaju. Akaniambia, "Mama Mwikali, hili twalijua mimi na wewe. Hata Fatma hajui. Mwanangu ana mimba changa, sitaki ashtuke." Nikamwahidi.

Asubuhi yake nikapiga magoti. Mlango wa kwanza, wa pili, nikafika kwake, uchungu ukanipanda. Nikasema yote, Mwikali. Titi, uvimbe, hospitali anayoiogopa. Nikalia mbele za Mungu. Nilipomaliza nikasikia nyumba imenyamaza, hata redio imezimwa. Ndipo nikakumbuka zile kuta.

Haijafika saa nne, Ummulkheir wa chumba kinachofuata alikuwa ashampigia Fatma simu. Fatma akaja mbio kutoka Kisauni, analia. Bi Barke hakunigombeza. Alinipita tu koridoni kama hanijui. Wiki tatu, mwanangu. Miaka ishirini na miwili tunachoteana maji, halafu hata salamu hakuna. Sahani yake ya mwisho ya mahamri ilibaki kwangu, nikaogopa kuirudisha.

Basi nikifika mlango wake nikawa nanyamaza. Kisha naenda kwa Ummulkheir.

Jana ilikuwa siku yake ya kukatwa kinyama kikapimwe. Fatma ndiye aliyemshurutisha, na alikuja kulala hapa. Alfajiri nikaomba, nikafika pale, nikanyamaza. Mara nasikia ukuta unagongwa kwa mwiko.

"Mama Mwikali! Mbona waniruka?"

Nikasogea ukutani kwa magoti.

"Kila siku waniruka, wallahi nakusikia. Leo naenda kukatwa. Nitaje!"

"Kimoyomoyo, Bi Barke?"

"Kimoyomoyo ya nini? Washajua wote, mpaka paka!"

Ummulkheir akadakia kutoka kwake, "Tupo, twasikiza!"

"Nyamaza wewe, mbea mkubwa!"

Nikamtaja. Nikamsikia Fatma akilia polepole, na Bi Barke akisema Amin, Amin, mpaka nikamaliza. Tulikwenda hospitali watatu. Sahani nimeirudisha jioni na viazi vitamu juu.

Majibu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Naogopa, sikufichi. Usiku nashika kifua changu mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Alhamisi hiyo, kabla hujaenda kazini, piga magoti umtaje. Mlango wake ulikuwa wako. Najua huko kuta zimefika juu na hakuna atakayekusikia. Mtaje kwa sauti hivyo hivyo.

Baba yako anakusalimu, na kaka yako Justus wa Miritini na Roseline wake. Fatma anakusalimu sana. Bi Barke naye anauliza kama kitanda cha huko bado ni kikavu.

Bwana akae mlangoni pako, kazini na unapolala.

Ni mimi nikupendaye,
Mama