Siku Tatu za Kumaliza Chakula

Alhamisi, 14 Juni 1984

Barua imefika. Mwalimu mkuu, Bwana Athanas, kaileta mwenyewe darasani, watoto wa darasa la nne wakiwa kwenye hesabu za mafungu. Nimeisoma nimesimama dirishani. Niripoti hospitali Mwanza Jumanne tarehe 19, saa mbili asubuhi. Nije na shuka mbili, kandambili, na ndugu wa kunihudumia. Halafu mstari mmoja chini: huenda titi lote likaondolewa. Huenda.

Treni ni Jumapili mchana. Siku tatu.

Watu wote nimewaambia naenda kumwona kaka yangu Mwanza. Sina kaka Mwanza. Kaka yangu ni Telesphori peke yake, yuko Ushirombo, analima, na hajui kitu. Anayejua ni Bwana Athanas tu, kwa ajili ya ruhusa. Ameahidi kunyamaza.

Nimerudi nyumbani nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Mwisho nikaingia stoo — sijui kwa nini stoo. Debe moja na nusu la viazi vitamu, nimevichimba juzi tu. Sahani ya nyanya, nyingine zimeshalegea. Mkungu wa ndizi unaiva wote kwa mpigo. Mayai tisa. Boga. Kibuyu cha maziwa ya mgando. Na mchicha bustanini unakaribia kutoa maua.

Nyumba itafungwa wiki mbili, labda zaidi. Mwanangu Limi akifunga shule Tabora hatakuja hapa. Nimemwandikia apitilize kwa mjomba wake. Sababu sikuandika. Ana miaka kumi na sita, ana mitihani, na babake tulimzika akiwa na kumi. Basi hakuna mlaji. Niko mimi tu, na tumbo langu limefunga mlango tangu saa nne asubuhi.

Lakini kutupa siwezi. Mwaka huu watu wanashinda kwenye foleni ya unga, halafu mimi nimwage maziwa? Nimesonga ugali, nimekula na mgando. Bakuli mbili. Ya tatu nimeinywa nimesimama, kama dawa. Kibuyu kimekwisha. Kitu kimoja kimepungua.

Uvimbe nimeugusa mara nne leo. Uko palepale.

Ijumaa, 15 Juni

Nimeomba ruhusa kuanzia leo. Kulipopambazuka nilikuwa tayari na kisu. Michembe haitaki mchezo: umenye kiazi, ukate kipande chembamba, utandaze juani siku tatu, nne. Mimi nina mbili na nusu. Kwa hiyo nimekata vyembamba mno, hadi nikajikata kidole. Nimekifunga kitambaa nikaendelea.

Mama Ghati kaja na kisu chake bila kuitwa. Ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Ngokolo, Mkurya wa Tarime. Mumewe yuko stesheni, anapokea mizigo. Miaka saba tunaishi naye na sijawahi kumsikia akizunguka maneno. Akakaa, akamenya viazi kumi kabla hajasema kitu. Kisha akauliza naenda siku ngapi. Nikasema wiki mbili. Akasema wiki mbili viazi vinakaa vizuri tu shimoni, ukivifukia mchangani, kwa nini nakausha kama mtu anayehama? Nikasema vitaota. Akasema haya.

Tumetandaza juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Mwamba wote umekuwa mweupe. Nimekwenda kuvigeuza mara sita kabla ya adhuhuri. Mama Ghati anasema viazi havikauki kwa kuangaliwa.

Mchana: mayai manne, nyanya zilizolegea, kitunguu. Nimekula nusu, nusu nimewapelekea watoto wake. Nikafagia stoo. Nikafagia tena.

Saa kumi na moja nasikia kengele ya baiskeli. Bujiku, mzazi wa mwanafunzi wangu Mageni, katoka kijijini kwao, maili nyingi. Kwenye usukani kibuyu kipya kimejaa maziwa. Nyuma, kwenye kiti, mguu mzima wa mbuzi umefungwa majani. Nimesimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu." Mtu mwenye mvi ananiamkia mimi. "Mageni kasema unasafiri. Nikaona usiondoke na njaa."

Nikamwambia ni vingi mno, mimi niko peke yangu. Akacheka, akasema mtoto wake alikuwa hasomi hata jina lake, sasa anamsomea barua zote za ukoo, kwa hiyo hakuna kingi. Akanishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, mwalimu. Wabeja sana." Angejisikiaje ningekataa? Nimepokea kwa mikono miwili.

Alipoondoka nimeangalia kibuyu, nimeangalia mguu wa mbuzi, nimeanza kucheka peke yangu. Halafu kicheko kikageuka. Nimekaa chini sakafuni mpaka kikaisha.

Nyama nimeipaka chumvi, nimeitundika.

Jumamosi, 16 Juni

Nimepika tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mguu wote wa mbuzi, kwa mafuta yaliyobaki kwenye chupa na nyanya zote. Boga nimelichemsha. Mchicha nimeung'oa kabisa, mizizi na yote. Jiko moja la mkaa na mafiga matatu uani, na mimi katikati nazunguka kama nina harusi. Mikono ikiwa na kazi, kichwa kinatulia. Ikisimama tu, naiona ile "huenda".

Mchana wamekula walimu watatu na watoto wa Mama Ghati. Wamesifu. Mwalimu Klara, wa darasa la kwanza, akaniambia nimpelekee kaka yangu salamu. Nikasema zitafika. Jioni nimewapelekea majirani wanaofunga Ramadhani viazi vya kuchemsha na jagi la maziwa kwa futari yao. Mama wa nyumba ile akaniombea safari ya heri, na mimi nikamwaga maziwa kwenye kanga.

Kisha nikawa nagawa. Nilikuwa siwezi kuacha. Ndizi kwa Mama Ghati. Mayai yaliyobaki kwa Mama Ghati. Kuku wangu wawili, kwa sababu nani atawalisha. Nusu kilo ya sukari. Nikaingia ndani, nikatoka na chupa mbili za karanga na kibuyu cha kunde zilizochanganywa na majivu, nikamwekea mlangoni pake pamoja na vingine.

Alikuwa anapepeta mchele. Akaacha ungo.

"Mama Limi, hizi ni za nini?"

Nikasema zisije zikaharibika.

"Hizi ni mbegu."

Nikasogeza kibuyu karibu na ukuta.

"Maziwa yanaganda, nimekuelewa. Nyanya zinaoza, nimekuelewa. Kuku wanataka mtu, sawa. Mbegu uliyoitia majivu inakaa mpaka mvua ya Novemba. Wewe Novemba utakuwa wapi?"

Alisema taratibu, hakupaza sauti. Na mimi ndio kwanza nasikia nilichofanya. Naapa sikuwa nimefikiri. Nilichukua chupa rafuni kama nilivyochukua nyanya. Nimesimama pale naziangalia zile karanga — nilizichagua moja moja mwezi wa tano, kubwa kubwa tu.

Akanishika mkono akaniingiza kwake, akawafukuza watoto nje, akafunga mlango. Nimemwambia. Yote. Kwamba niliuona mwezi wa tatu nikioga. Kwamba nilikaa nao kimya mpaka wa tano. Kwamba mganga mkuu wa hapa aliubonyeza, akaacha kunitazama usoni. Akaniambia nionyeshe. Nikafungua blauzi. Akauweka mkono wake palepale, mkono wenye pumba za mchele, hakusita. Tangu mwezi wa tatu hakuna mtu aliyenigusa pale ila mimi na daktari.

Akauliza kaka wa Mwanza yuko wapi. Nikasema hayupo. Akauliza nani anakwenda na mimi. Nikasema hakuna. Akauliza Limi anajua.

Nikasema Limi ana mitihani.

Hapo akakasirika. Akasema yeye mama yake alikufa, watu wa kwao wakimficha. Walimwambia kaenda kwa shangazi. Alikuwa na miaka kumi na mitano, akakaa wiki tano anafua nguo za mama akimsubiri arudi. Anasema hajawasamehe mpaka leo, na wote wameshakufa.

Nikasema mimi siendi kufa. Akasema basi chukua mbegu zako. Akazibeba mwenyewe, akazirudisha rafuni kwangu.

Nimeandika kurasa nyingi leo. Mkono unauma, na kidole.

Jumapili, 17 Juni

Misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri. Nimerudi nikageuza michembe, nikaionja: nje mikavu, ndani bado laini. Ghati, binti mkubwa wa jirani, atabaki nayo.

Saa sita nimezima jiko, nimemwaga majivu, nimeosha sufuria ya mwisho. Stoo tupu. Nimefunga madirisha, nimefunga mlango, nimekaa juu ya sanduku uani. Sijawahi kuona nyumba yangu safi namna ile. Imenitisha.

Saa nane Baba Ghati katoka stesheni: treni haijatoka hata Tabora. Labda kesho alfajiri.

Nimefungua mlango tena. Ukiacha mbegu, hakuna hata punje ya kutafuna. Chumvi na chai kavu. Nimetembea sebuleni, uani, mwambani, sebuleni. Kesho ni Jumatatu. Keshokutwa saa mbili asubuhi. Ikichelewa tena? Barua haisemi ukichelewa inakuwaje. Nimeisoma mbele na nyuma.

Jioni Mama Ghati akaniita kula. Mezani: ndizi zangu, mayai yangu, na mmoja wa kuku wangu. Nimemtazama yule kuku. Baba Ghati akasema karibu mwalimu, usione haya, ni cha kwako. Tumecheka wote, hata watoto ambao hawakuelewa. Na nimekula. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nimekula kwa njaa.

Wakati wa kunawa, Mama Ghati akasema anakuja na mimi. Mumewe ana pasi ya familia ya safari za treni, hajawahi kuitumia. Nikaanza kukataa. Akasema barua inataka ndugu wa kuhudumia, au wewe hujui kusoma?

Jumatatu, 18 Juni

Ndani ya treni. Tumepanda saa moja asubuhi. Sasa saa saba mchana na tumesimama Malampaka tangu saa nne. Wengine wanasema tunapisha treni ya mizigo, wengine wanasema injini. Hakuna anayejua. Watu wameteremka, wamekaa kivulini pembeni mwa behewa. Wanawake wanauza karanga za kuchemsha na maji kwenye ndoo.

Mimi siwezi kukaa. Nimetembea behewa zima mara tatu. Nimemuuliza mkata tiketi mara mbili, ya pili akaniita mama na kuniambia nipumzike. Mwanza si mbali. Lakini kwa miguu ni mbali. Nimepiga hesabu: tukiondoka saa kumi, tunafika jioni. Tukiondoka usiku, tunafika alfajiri. Tukilala hapa —

Mama Ghati ameketi dirishani anakula paja la kuku. Amesema nikae. Nimekaa. Amesema huu ndio muda.

Muda wa nini, nimemuuliza, ingawa najua.

"Wa Limi. Hapa huna kisu, huna jiko, huna cha kufagia."

Nimesema nitamwandikia nikishajua majibu. Akasema ukishapata majibu hutakuwa na mkono wa kuandika, utakuwa na bandeji. Nikasema nitamtisha. Akasema atatishika, ndiyo, halafu atakuja.

Nje mtu alikuwa anaita karanga, karanga. Kisha nikamuuliza kitu ambacho sikujua kama nitakiuliza. Nikikosa kurudi — Telesphori ni mtu mwema lakini ana wake wawili na watoto tisa. Atamwachisha shule.

Mama Ghati alijifuta vidole kimoja kimoja kwenye kanga. Akasema Limi akija Ngokolo atalala na Ghati chumba kimoja, kitanda kimoja, na shule ataendelea. Akasema hilo limekwisha, nisilirudie. Halafu akasema, "Lakini mwambie wewe. Mimi usinipe kazi hiyo."

Nimechana karatasi mbili katikati ya daftari hili. Nimeandika Mwanangu Limi. Nimeandika mimi sijambo, nikafuta. Nimeandika niko njiani kwenda Mwanza, treni imesimama. Nimeandika habari za michembe, na mbuzi wa Bujiku, mistari sita yote ya chakula. Mama Ghati hajui kusoma vizuri lakini anaangalia mkono wangu. Kasema, mbona unaandika haraka hivyo, hujafika penyewe.

Ni kweli. Sijafika.

Nimekata mistari sita. Nimeandika: Nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Kesho wananipasua. Neno lenyewe lipo kwenye karatasi sasa, kwa wino, na mwandiko ni wangu.

Nimeandika tena: Shule ikifungwa usiende Ushirombo. Njoo

Behewa limetikisika. Waliokuwa chini wanakimbilia milangoni, Mama Ghati ananyoosha mkono kumvuta mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Limetikisika, limesimama tena. Watu wananing'inia ngazini, nusu ndani nusu nje, wanasikiliza. Kalamu iko kwenye "Njoo".