Mtaa wa Maduka Manane

Jumatatu, 5 Machi 2007

Kipindi saa kumi na nusu, kama kawaida. Mimi nipo Mkunazini, mjini, na kompyuta yangu. Wanafunzi wangu wanane, wote wanawake wenye biashara zao, wapo Bububu, nje ya mji, kwenye chumba cha intaneti. Sauti inakatika. Picha haikatiki. Mtaa huu wa kwenye skrini nimeuchora mwenyewe: maduka manane, wateja ni nukta nyekundu, kila mtu anapanga bei yake, na wote wanaona papo hapo nani kapata na nani kakosa. Mkakati wa biashara haufundishiki kwa chaki.

Mkuu wa chuo haamini. Atakuja Jumatatu ijayo. Asiporidhika, darasa linarudi mjini, ubaoni. Wanafunzi wangu hawawezi kuja mjini jioni, wana watoto na majiko. Nitawakosa wote. Lakini ataridhika. Najijua.

Jumatano, 7 Machi

Nimeaibika. Bi. Rukia ana duka la kanga hukohuko Bububu, hodari kuliko wote. Leo kwenye skrini kauza mara moja tu, kisha wateja wake wakahamia duka la jirani. Wenzake vilevile. Programu mbovu. Nimeitukana kompyuta.

Alhamisi, 8 Machi

Nimekagua programu mstari kwa mstari. Nzima. Nimezidi kukasirika.

Jumamosi, 10 Machi

Nimekwenda Bububu, nikakaa nyuma ya Bi. Rukia. Kauza. Kisha kashika mausi, kawaburura wateja wake mpaka duka la Mwanaidi, jirani yake kwenye skrini. Makusudi!

"Mie nshauza, mwalimu," kasema. "Mwanaidi hajauza hata kimoja tangu tuanze. Mteja wa pili ni wake."

Nikamwambia hapa tunashindana. Wote wakacheka.

"Jirani akifunga, nani atakuja mtaani kwa duka moja? Si atakwenda zake kwengine?"

Miaka kumi na moja nafundisha mkakati. Kwenye mtaa wangu wateja hawana pengine pa kwenda. Mtaa gani huo?

Jumapili, 11 Machi

Nimeongeza mtaa wa pili, upande wa kushoto. Mteja akikuta maduka yamepungua anaondoka. Sijagusa kingine. Nimejaribu mara sita. Raha tupu.

Jumatatu, 12 Machi

Mkuu kaja, kakaa, kataka duka lake mwenyewe. Sikulitarajia hilo, nikamwongezea la tisa. Kashusha bei, kawanyang'anya wenzake karibu wateja wote. Maduka manne yakafungwa. Kanitazama kwa ushindi.

Kisha nukta zikaanza kuhamia mtaa wa pili, moja moja, mpaka dukani kwake pakawa peupe. Bi. Rukia, sauti ikikatika, akamwuliza:

"Sheikh, nikuletee mteja?"

Mkuu kaondoka bila kuaga.

Jumanne, 13 Machi

Barua imefika asubuhi. Darasa linabaki kwenye kompyuta. Kwenye nafasi ya mwalimu wa mkakati pana majina mawili. La kwanza si langu.

Nimeudhika mpaka adhuhuri, sifichi. Halafu nimekubali. Haki ya Bi. Rukia.

Aliacha skuli darasa la sita ili alee wadogo zake. Nimempigia simu, nikamsomea barua polepole. Kisha nikasikia analia. Nimekaa na simu sikioni mpaka alipomaliza.