Uji wa Garikai

Mutoko, 14 Agosti

Dada yangu mpendwa Shuvai,

Hujambo huko Bulawayo? Shemeji na wanao hawajambo? Goti lako limepata nafuu? Sisi tu wazima wa mwili, ila moyo wangu hautulii, na mwandiko huu unisamehe.

Ni kweli ulivyosikia. Kitindamimba wetu Garikai alimpiga Nabii Onisimo kwa jembe kwenye uwanja wa maombi, na nabii akafa. Jumatatu atasimama mbele ya hakimu. Wakili anasema akipatikana wa kuthibitisha kwamba alikuwa akitibiwa akili, atapelekwa hospitali. La sivyo atafungwa maisha. Lakini wazee wa kanisa wamepita nyumba kwa nyumba wakituagiza tuseme ni pepo tu, na kwamba hajawahi kugusa dawa ya hospitali, maana kwetu ni dhambi. Mume wangu yumo miongoni mwao. Ameniambia, "Mama Nyasha, ukaropoke huko mahakamani uone. Hapa kwangu usirudi."

Mficha uchi hazai, dada, basi nisikilize, na usiichane barua. Kwa miaka miwili nilikuwa nikisaga vidonge vya akili vya Garikai, nilivyopewa kliniki, na kuvitia kwa siri kwenye uji wake wa asubuhi. Ndiyo maana alitulia, hata akamwezekea mama paa. Ikafika Pasaka. Unakumbuka hakuna anayeingia kwenye sikukuu kabla ya kupita langoni kwa manabii na kuungama yote. Nilitaka niingie nikiwa safi. Nikamwambia Onisimo habari za vidonge. Aliniagiza nimletee vilivyobaki, akavimwaga chooni, akanionya kwamba nikirudia nitamuua ndugu yangu kwa mkono wangu. Nikamwamini.

Wiki tano hazikupita, Garikai akaanza kusema nabii ameifungia roho yake kwenye kibuyu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Badala ya kukimbilia kliniki, nikafunga na kuomba.

Jana nilikwenda gerezani kumwomba msamaha. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Alisema uji ulikuwa mchungu mno, naye alikuwa akiumaliza wote ili nisigundulike nikatengwa na kanisa. Ulipogeuka mtamu aliogopa, lakini hakuuliza. Alidhani nimemchoka.

Jumatatu nitasema yote. Msalimie sana shemeji, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Kama bado utaniita mdogo wako, tutandikie mkeka, mimi na Nyasha.

Ni mimi nduguyo,
Ratidzo