Mistari Uliyoifuta Kwenye Wimbo wa Bi Matika

Kaka Yona,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kukusemesha bila kuanza na hiyo.

Tamasha letu la Manyoni limepita, wiki ya tatu sasa. La kwanza bila wewe. Turubai tulifunga kwenye uwanja uleule wa shule, Wanyiramba wakaja na ngoma zao, watoto wa Itigi wakaghani mashairi. Wa kuuliza kama chai ya wageni imefika hakuwepo. Nikauliza mwenyewe.

Ila kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu.

Baada ya arobaini yako, wifi alinikabidhi madaftari yako ya tafsiri. Nilikuwa natafuta wimbo wa Bi Matika wa Kilimatinde, ule wa Kigogo anaouimba kila mwaka huku amebana ngoma mapajani. Kwenye kijitabu cha tamasha uliandika: "Karibuni wageni, ng'ombe wenu wanywe, mtama umeiva." Kwenye daftari, juu ya hayo, kulikuwa na maneno mengine umeyapitishia mstari mmoja wa peni. Yanasomeka bado. "Mlilisha ng'ombe wenu mtama wangu. Mume wangu akaja kuwauliza. Mkamrudisha kwenye machela."

Nilikaa chini, kaka.

Miaka mitatu Masanja na vijana wake wa Kisukuma, wafugaji wa upande wa Rungwa, walisoma kijitabu chako, na bibi akianza tu kuimba wanaruka uwanjani kumchezea kwa furaha. Yeye hajui kusoma. Alikupa maneno yake uwafikishie, akaamini yamefika, akawaona wanacheza. Ndiyo maana kila mwaka alirudi akaimba kwa nguvu zaidi. Na sisi tusiojua Kigogo tukasema, bibi huyu analipenda tamasha.

Nakumbuka ulikuwa ukiniambia, "Dada Zaina, kwanza watu warudi nyumbani salama." Mwaka tulioanza, wakulima na wafugaji hawa walikuwa hata mnadani hawasalimiani. Nakuelewa. Lakini mimi ungeniambia.

Mwalimu Neema, Mgogo wa hapa hapa, aliikagua tafsiri uliyoifuta, akasema iko sawa. Asubuhi ya tamasha akaniuliza, "Dada, niyasome hivi hivi kwenye kipaza sauti?" Nikamwambia asome.

Akasoma. Bi Matika akaimba. Vijana walikuwa wameshafunga njuga miguuni; hakuna aliyeinuka. Wimbo ulipoisha, Masanja alikwenda mbele, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Sisi tuliambiwa ni wimbo wa kutukaribisha."

Neema alipomtafsiria, bibi aliuliza kwa Kigogo ni nani aliyewaambia. Neema akanigeukia. Sikukutaja, kaka. Nilisema, "Ni sisi waandaaji." Bibi hakunitazama. Alimwitikia Masanja, "Marahaba," akabeba ngoma yake, akaondoka bila kula.

Siku zile nilikukasirikia sana. Nikipita kwenu nilikuwa naangalia upande wa pili. Halafu nikalifungua tena lile daftari. Mtu anayetaka kuficha angechana karatasi, au angeyafunika maneno kwa wino hadi yasionekane. Wewe ulipitisha mstari mmoja, mwembamba. Nikalia, sijui kwa hasira au kwa nini.

Juzi bibi ameniletea salamu kupitia kwa Neema. Mwakani atakuja, ila maneno yake ayashike Neema. Masanja naye ameulizia njia ya kwenda kwake. Neema bado hajamjibu. Anasema hilo ni la bibi mwenyewe kuamua.

Jumamosi napanda Kilimatinde. Nakuahidi nitamweleza yote, na safari hii nitakutaja kwa jina, halafu nimwombe radhi, yako na yangu. Sitakutetea sana. Nitamwambia tu kwamba uliogopa, na kwamba kabla hujaogopa, maneno yake uliyaandika sawasawa.

Pumzika, kaka yangu.

Mdogo wako,
Zaina