Machogu Aliyezikwa Mombasa

Shuleni, Kisii
Alhamisi jioni

Mama mpendwa,

Pokea salamu za mwanao ambaye siku hizi hakai mahali pamoja. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepata nafuu, na mvua ya Itumbe haikufanyi uchume chai huku unapiga chafya. Nyanya Bitutu je? Bado anawakimbiza kuku wa jirani kwa mkongojo wake, halafu anasema miguu haimbebi? Mimi mwili uko sawa. Maharagwe ya shule ni yaleyale na wadudu wake ni walewale, lakini tunashukuru.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kwa Ekegusii chetu cha nyumbani maneno haya yangenishinda katikati, tena Nyanya angetaka umsomee yote. Msomee salamu tu, tafadhali.

Unamjua Mwalimu Nehemiah wa historia, yule aliyesoma Nyuzilandi. Muhula huu ameanzisha chama cha kujifunza habari za Wapolinesia, watu wa visiwa vya bahari ya Pasifiki. Kwenye ramani ni maji, maji, maji, halafu visiwa kama makombo ya mkate. Katika lugha yao silabi zote zinaishia kwa irabu kama zetu, kwa hiyo sisi Wakisii tumeidaka haraka. Ametufundisha hata ngoma yao ya kukanyaga ardhi na kutoa ulimi. Siku ya kwanza mzee mmoja wa kanisa alikuwa akipita njiani, akasimama kwenye ua wa shule, akafumba macho, akatuombea.

Lakini kilichoninyima usingizi si ngoma. Mwalimu alisema kwamba kwa Wamaori wa Nyuzilandi mtu hajitambulishi kwa kutanguliza jina lake. Hutaja kwanza mlima wake, kisha mto wake, kisha wazee wake waliomtangulia, ndipo afike kwake mwenyewe. Siku ya Wazazi kila mmoja wetu atasimama mbele ya watu wote na kufanya hivyo. Mimi nilianza vizuri: Ko Sameta te maunga, ko Gucha te awa, yaani mlima wangu ni Sameta na mto wangu ni Gucha. Nikaendelea kwamba mimi ni wa Machogu, baba yangu, wa Ombati, babu yangu. Mwalimu akasifu sauti yangu.

Wiki iliyofuata tukafika kwenye misiba yao. Mwalimu akatueleza kwamba maiti ya mtu wao hurudishwa kwao, kwa wazee wake, na kwamba jamaa wanaweza hata kuzozana juu ya nani atamzika. Darasa zima likacheka, wakasema hao ni Wakisii waliopotea njia. Hapo ndipo Nyakundi, jirani yangu wa dawati, kijana asiye na ubaya wowote ila mdomo wake hauna breki, akaniuliza mbona basi baba yangu alizikwa Mombasa.

Mama, niliinama nikajifanya natafuta kalamu chini ya dawati. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba Machogu alifanya kazi bandarini, akaugua, akazikwa hukohuko. Nilisema hivyo kama mtu anavyosema leo ni Jumanne. Sikuwahi kujiuliza. Sisi ambao tunauza ng'ombe na kukodi basi ili mtu alale shambani kwao! Na Nyanya, ambaye jembe lake likiazimwa hulifuata mpaka Keroka, angemwacha mwanawe wa pekee kwenye mchanga wa watu?

Ndiyo maana likizo fupi uliniona nikizunguka kwenye migomba ukafikiri nina malaria. Nilikuwa natafuta kaburi. Nilipochoka nikamwendea Mzee Manasseh, nduguye Babu, aliyekuwa akikata ua wake. Aliweka panga chini, akaniuliza kama kweli hakuna aliyewahi kuniambia. Nikasema hakuna. Akaniketisha, akasema nyumba ya Bitutu haikupata mvulana. Ilipata wasichana tu, nao wote wakaolewa. Babu alipofariki, Nyanya akatoa ng'ombe kwenye zizi lake, akakuoa wewe kwa niaba ya mwana ambaye hakuzaliwa. Akampa mwana huyo jina, Machogu, ili wewe uwe na mume na watoto wako wawe na baba, na nyumba yake isifungwe kwa kukosa mrithi. Mzee alisema ni desturi yetu ya kale, haina aibu. Ila kanisa halikutaka kuisikia, basi likatungwa hilo neno la Mombasa, na majirani wakalikubali kwa kumheshimu Nyanya.

Nilikasirika, Mama. Nakwambia wazi. Niliwakasirikia wewe na Nyanya hadi chakula kikanishinda. Si kwa sababu ya desturi. Ni kwamba kijiji kizima kilijua mimi ni nani, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiimba habari za bandari. Nikaanza kuwatazama wanaume. Kila aliyeshusha majani ya chai pale kiwandani nilimkagua masikio, kwa vile haya yangu yaliyochomoza hayatoki kwako wala kwa Nyanya. Hata kanisani, wengine wakiinamisha vichwa kuomba, mimi nilikuwa nakagua masikio.

Tuliporudi shuleni Mwalimu akatusimulia hadithi yao moja ya kale. Mama mmoja alidhani mtoto wake mchanga amekufa, akamviringisha kwa nywele zake, akamtupa baharini. Mtoto akapona, akalelewa mbali. Alipokua alirudi kimya kimya akasimama kati ya ndugu zake. Mama akahesabu wanawe, akakuta mmoja amezidi, akamwambia aondoke, si wake. Kijana akamweleza jinsi alivyozaliwa, mama akalia, akampokea. Wenzangu walifurahi hadithi imeisha vizuri. Kumbe haijaisha. Kijana hakutulia mpaka akamfuata mama yake kwa siri, ili ajue baba yuko wapi. Nikaomba ruhusa, nikatoka nje.

Nilitoka kwa sababu nami nilikuwa nimeshafanya hivyo. Sasa nakuungamia. Ile siku ya mwisho ya likizo nilipokuaga kwamba naenda Nyamira kununua soksi, sikuenda kwa soksi. Nilikuwa nimerudi kwa Mzee Manasseh, akanitajia jina la aliyenizaa. Nilimkuta Onyiego kwenye duka lake la ushonaji, amekaa kwenye cherehani. Sikuhitaji kuuliza, niliyaona masikio. Yeye naye hakuuliza. Alisimama, akachukua futi ya kupimia, akaanza kunipima mabega kama mteja. Akaniambia ana mke na watoto, lakini hajawahi kunisahau. Akasema nikitaka, atavaa koti, atakuja Siku ya Wazazi, ataketi penye viti vya akina baba, nami nitaje jina lake mbele ya watu.

Mama, nilitaka. Usinichukie. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea bweni zima, nikijaribu jina lake mdomoni: mimi ni wa Onyiego. Linatamkika vizuri. Lakini kila nikilisema, namwona Nyanya amekaa pale mbele na kitambaa chake cha Sabato, akisikia nyumba yake ikifungwa, na mimi ndiye ninayeifunga.

Jana nilimwomba Mwalimu Nehemiah simu yake, nikampigia Onyiego, nikamwambia asije. Akasema shati alilonipimia siku ile limekwisha kushonwa, atalituma na dereva, kwa sababu lilishonwa kwa mwili wangu na halimfai mtu mwingine. Nitalivaa siku hiyo. Ukiliona, usiniulize mbele ya Nyanya.

Mlete Nyanya hata kama miguu itamgomea, umkalishe penye viti vya akina baba. Nitasema mimi ni Jasper wa Machogu, nami nitakuwa najua ninachosema. Na Mungu akinijalia mtoto wa kiume, nitamwita Machogu, kama tunavyowarithisha watoto majina ya waliotutangulia, nimweke mapajani mwa Nyanya amshike, hata mara moja.

Wasalimie wenzako wa kituo cha majani, na Mzee Manasseh, usimgombeze. Wewe nakusalimu mara nyingi kuliko wote. Mungu awalinde mpaka tuonane Jumapili, Siku ya Wazazi.

Mimi mwanao,
Jasper Machogu Ombati